Kuhamisha nyaya za ignisheni kwenye Land Rover ya zamani: unalipia nini hasa

Wapelekee mafundi wawili wa umeme wa magari Land Rover moja ya Series III, ile ya petroli, na waombe kazi ileile: swichi ya ufunguo itoke kwenye usukani, ihamie kwenye dashibodi, na nyaya zake zifuate. Watakupa bei mbili zilizoachana mbali. Mmoja atataja kiasi, mwingine atataja mara mbili yake, na mwenye gari atadhani huyu wa pili anamlangua. Mara nyingi halangui. Waya wenyewe ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika kazi hii. Kinachotenganisha bei hizo mbili ni viungo: vipo vingapi, vimefungwa kwa namna gani na vimekaa wapi. Viungo hivyohivyo ndivyo vitakavyoamua kama gari litawaka asubuhi ya baridi kule Karatu au litakuacha katikati ya njia.

Nazungumzia Series III kwa sababu bado zipo kazini. Zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa imeshatimiza miaka 40. Kenya ziliunganishwa Thika. Tanzania zilibeba watu wa misheni, mabwana shamba, askari wa wanyamapori na mizigo ya kila aina. Tamasha la Land Rover la Arusha la Oktoba 2024 liliwaonyesha hata wasiofuatilia magari kwamba watu hawajayaacha. Lakini plastiki inayofunika nyaya zake haikukusudiwa kukaa miaka 40 kando ya injini ya lita 2.25. Ukiukunja waya wa zamani karibu na manifoldi, ngozi yake hupasuka kama kigae. Ndiyo maana suala la kurefusha au kuhamisha nyaya huibuka hata kwa mtu ambaye hakupanga: amekwenda kubadilisha swichi iliyochakaa tu, fundi akagusa waya, waya ukamwaga ngozi.

Kabla ya kulinganisha bei, lazima ujue ni nyaya zipi zinazoguswa, kwa sababu hazilingani kwa hatari. Magari ya Uingereza ya enzi hiyo yalifuata rangi za Lucas. Waya wa kahawia hutoka betri moja kwa moja hadi kwenye swichi, na hauna fyuzi. Mweupe hutoka kwenye swichi kwenda koili, nao pia hauna fyuzi. Mweupe wenye mstari mwekundu huenda stata. Mweupe wenye mstari mweusi hutoka koili kwenda distribyuta, kwenye pointi. Kijani kina fyuzi na hulisha vitu vya pembeni kama waipa. Kwa hiyo anayehamisha swichi anashika waya wa kahawia, ambao ukigusa bodi hakuna kitakachokatika isipokuwa waya wenyewe, na utakatika kwa kuwaka moto. Huo ndio waya ambao sitakubali hata siku moja urefushwe kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi, hata fundi akiapa.

Hesabu ya kiungo

Watu wengi huogopa urefu. Wanauliza: nikiongeza mita nzima ya waya, moto hautapungua? Tuhesabu. Koili ya kawaida ya volti 12 isiyo na rizista ya nje ina ukinzani wa omu 3 hivi, maana yake hula ampia 4 pointi zikiwa zimefunga. Waya mzuri wa shaba wa milimita mraba 2 una ukinzani wa takriban omu 0.009 kwa kila mita. Ukivuta mita 2.5 za waya huo kutoka swichi hadi koili, unapoteza volti 0.09 njiani. Koili haitajua kama kuna kilichopungua. Hata ukitumia waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, unapoteza robo ya volti. Si vizuri, lakini injini itawaka.

Sasa chukua kiungo kimoja kilichosokotwa kwa vidole, kikafungwa tepu, kikala vumbi na unyevu wa masika mawili. Kikifikia ukinzani wa omu 0.2 tu, kinakula volti 0.8 peke yake. Ni sawa na kuongeza mita 22 za ule waya wa milimita mraba 2. Tena upotevu huo wote unafanyika mahali padogo kuliko punje ya mahindi, na unatoa joto la wati 3 na ushee hapohapo, chini ya tepu ambayo gundi yake imeshayeyuka. Joto huongeza kutu, kutu huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto. Wakati wa kupiga stata volti za betri hushuka hadi 10 au chini yake. Ukiondoa na zile zinazopotea kwenye kiungo, koili inabaki na 9 hivi. Hapo ndipo gari linazunguka vizuri lakini haliwaki, na mwenye gari ananunua betri mpya isiyohitajika.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kumuuliza fundi si bei. Ni hili: "Fundi, hapa utaunga au utavuta waya mzima?"

Njia tatu, na bei zake

Nitaweka tarakimu za mfano kwa shilingi za Tanzania ili uone uwiano. Bei za duka lako zitatofautiana. Weka zako mahali pa hizi, hesabu ni ileile. Tuseme swichi inahama kutoka usukani kwenda katikati ya dashibodi, na nyaya 4 zinahusika.

Njia ya kwanza ni kurefusha: kila waya unakatwa, unaungwa kipande cha mita moja, kisha kichwa kipya kinabanwa kwa ajili ya swichi. Waya mita 4 kwa 2,000, viungo 4 na vichwa 4 kwa 500 kila kimoja, na fundi 30,000. Jumla 42,000. Umepata viungo 4 vipya, vyote nyuma ya dashibodi, na nyaya za zamani zenye ngozi ya miaka 40 bado zipo upande wa injini.

Njia ya pili ni kuacha kurefusha kabisa. Kila waya unaondolewa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kuwekwa mpya, mzima, bila kiungo katikati. Waya mita 10 kwa 2,000, vichwa 8 kwa 500, bomba la plastiki la kufunikia 10,000, na fundi 50,000 kwa sababu anafungua zaidi. Jumla 84,000. Angalia hapo: waya ni 20,000, chini ya robo ya gharama yote. Mwenye gari anayembana fundi apunguze bei kwa kutumia "waya wowote" anaokoa sehemu ndogo kabisa na kuharibu kazi nzima.

Njia ya tatu ni rilei. Hapa unaziachia nyaya za zamani kazi ya kutoa amri tu, na mzigo wenyewe unabebwa na nyaya mpya fupi kutoka betri. Rilei ya kawaida hula takriban ampia 0.15 kwenye koili yake ndogo, badala ya zile ampia 4 za koili ya moto au nyingi zaidi za stata. Rilei 2 pamoja na soketi zake 30,000, vishikio 2 vya fyuzi 10,000, waya mwembamba mita 10 kwa 1,000, waya mnene mita 4 kwa 3,000, vichwa 16 kwa 500, dayodi 1,000, bomba 10,000, fundi 60,000. Jumla 141,000.

Kwa gari ambalo nyaya zake za upande wa injini bado ni laini na hazijapasuka, ningechukua njia ya pili bila kusita. Tofauti ya 42,000 kati yake na ya kwanza ni pesa ya kuvutwa na gari jingine mara moja, tena kama hujaharibikia mbali. Njia ya kwanza ina nafasi moja tu kwangu: waya wa kijani au mwingine wenye fyuzi, ukikosea hakuna kinachoungua zaidi ya fyuzi.

Rilei inafaa kwa nani

Rilei ni njia nzuri pale swichi inapohamia mbali, au pale swichi mpya uliyopata si ya Land Rover. Swichi nyingi za bei ndogo zinazouzwa kama "za kila gari" hazivumilii mzigo wa waya wa kahawia wa Series III, ambao hulisha karibu kila kitu kinachowaka kwa ufunguo. Ukiwa na rilei, swichi hiyo ndogo inaguswa na sehemu ndogo ya ampia tu, haichemki. Pia unapata kitu ambacho kiwanda hakikukupa: fyuzi kwenye njia ya koili. Fyuzi ya ampia 15 iwekwe karibu na betri iwezekanavyo, kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote.

Namba za rilei ni zilezile kwa karibu kila mtengenezaji, kwa mpangilio wa Ujerumani: 30 ni mzigo unaotoka betri, 87 ni unaokwenda koili, 85 na 86 ni amri, moja kutoka swichi na nyingine kwenye bodi. Rilei ifungwe vichwa vikitazama chini ili maji yasiingie, na isikae juu ya manifoldi.

Kuna tatizo moja la rilei ambalo mafundi wengi wazuri hawalijui hadi liwakute, nalo nitalieleza kwa urefu kwa sababu linatisha. Umefunga kila kitu sawasawa, injini inanguruma vizuri kuliko zamani, kisha unazima ufunguo na injini haizimiki. Inaendelea kuzunguka. Fundi anadhani rilei ni mbovu, anabadilisha, hali ileile.

Sababu ni taa nyekundu ya chaji. Kwenye Series III yenye oltaneta ya Lucas 16ACR, upande mmoja wa taa hiyo umeunganishwa na waya mweupe wa ignisheni, na upande wa pili unakwenda kwenye oltaneta. Injini ikiwa inazunguka, oltaneta inatoa volti 14 kwenye upande wake wa taa. Ukizima ufunguo, umeme huo unarudi kinyume kupitia taa, unaingia waya mweupe, na unaikuta rilei. Zamani, koili ya omu 3 ilikuwa inaumeza umeme huo mdogo na haufanyi kitu. Rilei ina ukinzani wa omu 80 au 90, na kiasi hicho kidogo kinatosha kuishikilia isiachie. Koili inaendelea kulishwa, injini inaendelea, oltaneta inaendelea kutoa umeme.

Dawa ni dayodi moja, aina ya 1N4001 inatosha, iwekwe kwenye waya wa taa ya chaji ili umeme upite kutoka taa kwenda oltaneta na usirudi. Mstari mweupe kwenye dayodi uelekee upande wa oltaneta. Fundi akikuletea makadirio ya rilei bila kutaja dayodi, muulize tu: "Nikizima ufunguo, itazima?" Jibu lake litakuambia kama ameshawahi kuifanya kazi hii kwenye gari la zamani.

Na kama ulikuwa unataka swichi ya siri dhidi ya wezi, rilei hukupa mahali salama pa kuiweka: kwenye waya mwembamba wa amri, si kwenye waya wa koili. Swichi ya siri ikichakaa kwenye waya wa koili, hutajua, utaona tu injini inamisi ukipanda mlima.

Kinachonunuliwa dukani

Gerezani jijini Dar, Kirinyaga Road kule Nairobi, au Unga Limited Arusha, utakuta waya wa magari unauzwa kwa mita, na pembeni yake waya wa nyumba. Muuzaji atakuambia ni kitu kilekile, shaba ni shaba. Si kitu kilekile. Waya wa nyumba wa milimita mraba 1.5 mara nyingi ni uzi mmoja mnene ndani. Kwenye gari linalotetemeka kutwa hukatika ndani ya ngozi bila kuonekana kwa nje. Na ngozi yake imekusudiwa joto la nyuzi 70, wakati waya mzuri wa gari huvumilia 105. Chini ya boneti ya Land Rover inayopanda mlima kwa gia ya pili, nyuzi 70 hupitwa upesi.

Siku hizi kuna tatizo jingine: waya wa alumini uliopakwa shaba. Una mng'ao wa shaba, ni mwepesi, ni wa bei nzuri, na ukinzani wake ni mkubwa kwa takriban nusu zaidi ya shaba halisi ya unene uleule. Kibaya zaidi, nyuzi zake hukatika kirahisi zikibanwa kwenye kichwa. Kuutambua hakuhitaji kifaa. Omba kipande kifupi, vua ngozi, chukua uzi mmoja, ukwangue kwa ncha ya kisu. Ndani pakiwa peupe, ni alumini. Tahadhari: waya bora wa baharini na wa magari mengine hupakwa bati kwa nje, kwa hiyo unaonekana mweupe kabla ya kukwangua, lakini ndani ni mwekundu. Kinachohesabika ni rangi ya ndani.

Kwa unene, watengenezaji wa Uingereza huandika idadi ya nyuzi. 14/0.30 ni milimita mraba 1 na hubeba ampia 8.75, 28/0.30 ni milimita mraba 2 na hubeba 17.5, 44/0.30 ni milimita mraba 3 na hubeba 27.5, 65/0.30 ni milimita mraba 4.5 na hubeba 35. Koili ipe 28/0.30. Waya wa kahawia upe 65/0.30 au mnene zaidi. Ukishindwa kupata namba hizo, waya wa Kijapani wa milimita mraba 2 na wa 5 unafaa.

Kuhusu kubana na kulehemu, mafundi hawajakubaliana na sidhani watakubaliana. Msimamo wangu: kubana kwa koleo la kweli la kubania vichwa, lile lisiloachia mpaka limebana hadi mwisho. Lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuufanya waya uwe mgumu kama msumari hadi mahali fulani, kisha laini ghafla. Mtetemo huukata hapohapo kwenye mpaka. Anayelehemu lazima aushikilie waya usitetemeke pande zote mbili za kiungo, na wengi hawafanyi. Vichwa vyenye kola ya plastiki vina rangi: chekundu kwa waya hadi milimita mraba 1.5, bluu hadi 2.5, njano kwa 4 hadi 6. Ukiona fundi anabana kichwa cha njano kwenye waya wa milimita moja kwa sababu vyekundu vimeisha, msimamishe. Baada ya kubana, vuta kwa mkono kwa nguvu. Kikitoka, bora kimetoka leo. Na vile viunganishi vya bluu vinavyouma waya bila kuuvua ngozi, viache kabisa kwenye njia ya ignisheni, huingiza maji.

Njia ya waya

Hapa ndipo fundi wa njia ya pili anastahili pesa yake. Waya unapotoboa ukuta wa injini kuingia ndani, lazima upite kwenye mpira wa tundu. Bati la ukuta ni chuma, na ukingo wake ni kisu. Waya wa kahawia usio na fyuzi ukipita kwenye tundu lisilo na mpira ni suala la lini, si la kama. Ushikiliwe na klipu kila baada ya sentimita 20 hadi 30, uwe mbali na manifoldi na bomba la moshi, usipite chini ya bomba la petroli wala pampu yake, na usikaribie mhimili wa usukani ambako unaweza kuviringika.

Kutoka kwenye bodi kwenda kwenye injini, uache waya uwe na ulegevu kidogo, kwa sababu injini hucheza kwenye mipira yake, hasa unapowasha na kuzima. Waya ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo hutoka kichwani mwake baada ya miezi michache. Na usisahau njia ya kurudi: umeme wa pointi hurudi betri kupitia bodi ya distribyuta na injini. Land Rover ina bodi ya aloi ya alumini iliyofungwa kwenye chuma, na mahali zinapokutana hula kutu. Waya mnene kutoka injini hadi fremu, na kutoka fremu hadi betri, ukiwa na nati safi, unaondoa matatizo mengi ambayo watu huyatafuta kwenye koili.

Yasiyorefushwa

Waya wa moto mkubwa, kutoka katikati ya koili hadi kifuniko cha distribyuta, na zile nne zinazokwenda plagi, haziungwi. Hubeba volti 20,000 na zaidi, na hakuna tepu inayozuia hiyo. Ukitaka kuhamisha koili, nunua waya mrefu mzima. Kwa ushauri wangu, hamisha swichi, usihamishe koili. Koili ikae karibu na distribyuta. Ukilazimika kuihamisha kwa sababu ya joto, kumbuka kwamba hata ule mweupe wenye mstari mweusi, unaoonekana mdogo, hupigwa na volti mia kadhaa kila pointi zinapofunguka. Upe ngozi nzuri, na kondensa ibaki pale pale kwenye distribyuta.

Jingine ni waya wa ukinzani. Baadhi ya magari ya miaka ya 1970, kama MGB za mwisho na Ford Escort na Cortina, hutumia koili ya omu 1.5 na waya maalumu unaochemka kwa makusudi ili kupunguza volti zinazofika. Kwa macho unafanana na waya wa kawaida. Ukiubadilisha kwa shaba, koili na pointi zitaungua. Ukiukata na kuurefusha, umebadilisha kipimo. Kwenye Series III ya kawaida hauupati, lakini gari likiwa limeshapitia mikono mingi, pima koili kwanza. Ikisoma omu 1.5, tafuta rizista ilipo kabla ya kukata chochote.

Wayaringi nzima mpya

Kama ngozi za nyaya zimepasuka kila mahali, hesabu inabadilika. Kubadilisha nyaya moja moja kwa bei ya njia ya pili, gari zima, kunaweza kukaribia bei ya fungu zima. Uingereza bado kuna watengenezaji, Autosparks mmojawapo, wanaoshona upya wayaringi za Series III kwa rangi zilezile za Lucas. Unapolinganisha, usisimamie bei ya kwenye orodha yao. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, kisha VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, nayo hutozwa juu ya jumla ya bei, usafiri na ushuru. Kuna mafundi wanaoshona fungu zima hapahapa kwa waya wa mita, na kazi yao inaweza kuwa nzuri kabisa, ila wengi hutumia rangi moja au mbili. Hilo mimi hulikataa. Fundi atakayekuja miaka mitano baadaye hatajua mweupe ni upi, ataanza kukata ili apime, na kila anapokata ataacha kiungo.

Pesa ya mwisho

Patana hivi: makadirio yaandikwe kwa idadi ya nyaya, idadi ya viungo vya katikati, na aina ya waya. Lipa spea mwanzoni, nusu ya ufundi kazi ikianza, na nusu baada ya kupima mbele yako. Kazi ianze kwa kung'oa kichwa hasi cha betri, na kizima moto kiwe karibu, kwa sababu kabureta ya zamani haikosi harufu ya petroli.

Kupima kwenyewe ni dakika kumi. Weka mita ya umeme kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye kichwa chanya cha koili, washa ufunguo pointi zikiwa zimefunga. Mita inaonyesha volti zinazopotea njiani yote: swichi, nyaya, vichwa. Chini ya 0.5 ni sawa. Kazi mpya ya njia ya pili au ya tatu inapaswa kuwa chini zaidi ya hapo, kama swichi ni nzima. Usiache ufunguo hivyo zaidi ya dakika moja, koili huchemka. Kisha washa injini, iache izunguke gari likiwa limesimama, na tikisa kila fungu la waya kwa mkono usio na saa wala pete, ukiwa mbali na zile za plagi. Injini ikikatakata, kiungo umekipata. Baada ya dakika 20 za kuendesha, zima na gusa vichwa vya kwenye swichi na rilei. Kichwa kilicho cha moto kuliko vingine kirudiwe pale pale, kabla fundi hajafunga dashibodi. Na kama ni rilei, zima na kuwasha mara kadhaa, injini ikiwa kasi kidogo, uone kama inatii.

Mwombe pia akuchoree nyaya zinapopita, hata kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya risiti, na rangi zikiwa zimeandikwa. Weka rilei moja ya akiba na fyuzi mbili za ampia 15 pamoja na mchoro huo kwenye gari.